Kikompyuta Kinachojisahihisha

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkuu wa maktaba amebandika tangazo ubaoni. Nafasi ya Msimamizi wa Kitengo cha Kompyuta iko wazi. Kitengo chenyewe ni kompyuta sita pale chumba cha kusomea, kubwa kama majokofu. Mbili zinafanya kazi. Moja inanguruma tu. Tatu tunaegemezea magazeti ya zamani.

Nafasi hiyo ni yangu. Miaka kumi na minne nimekaa kaunta ya vitabu, napiga mihuri. Mtu hawezi kupiga mihuri hadi anaingia kaburini.

Kikwazo ni kimoja: Bi Faharasa. Ndivyo tunavyomwita dada anayeshughulikia katalogi. Ana cheti cha kompyuta, tena kakitia fremu na kukitundika juu ya meza yake, utadhani bila fremu kingetoroka. Mimi cheti sina. Nina maono.

Mchana nikamvizia Mkuu kwenye ujia. Nikamwambia kompyuta kubwa zimepitwa na wakati, siku hizi kuna vikompyuta vidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, na kazi vinafanya zile zile. Akauliza nimevijulia wapi. Ulimi ukateleza. Nikasema ninacho nyumbani, huu mwaka wa pili, ndicho nakitumia kwa kila kitu.

Akatoa macho. Akasema vizuri sana, basi nimwandikie ripoti ya kurasa tatu kwa kikompyuta hicho hicho, aipate Alhamisi ya wiki ijayo. Na Jumamosi yake atapita nyumbani akione mwenyewe.

Ushindi mtupu! Imebaki kazi ndogo tu ya kukinunua.

Jumanne, 4 Machi

Nimekinunua. Muuza vifaa akajifanya mwalimu. Kikompyuta peke yake hakifanyi kitu, akasema. Kinataka kibodi, kipanya, kadi ya kumbukumbu, waya wa kwenda kwenye skrini, na chaja yake maalumu. Nikacheka moyoni. Kibodi na kipanya ninavyo. Chaja? Nyumbani kuna droo nzima ya chaja za simu zilizokwisha kufa. Sifundishwi umeme na mtu anayeuza vifuniko vya simu! Nikachukua kadi na waya, basi. Ile kompyuta yetu kubwa, pamoja na skrini yake, nikamwachia iwe sehemu ya malipo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jioni mke wangu akauliza mbona meza tupu, kompyuta imekwenda wapi. Nikatia mkono mfukoni mwa shati, nikaitoa mpya.

Mke wangu ni fundi saa, ana duka lake pale kona ya soko. Akakitazama vile anavyotazama saa ya mteja iliyotumbukia ndooni. Kisha akauliza, kwa upole ulionitia baridi, orodha yake iko wapi. Ile iliyokuwa ndani ya kompyuta kubwa. Saa ya nani, inaumwa nini, inachukuliwa lini.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema orodha iko njiani.

Akavaa viatu, akatoka. Saa moja baadaye akarudi na flashi mkononi na uso ambao sitauandika humu. Nilimsaidia kwa kumfungulia mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Skrini hatuna tena. Tuna televisheni. Na televisheni ina mwenyewe.

Mama mkwe yuko kwetu tangu Januari. Alikuja kutibiwa macho. Wamempasua, amepona, na sasa, kwa bahati mbaya, anaona kila kitu. Saa kumi jioni kila siku ni tamthilia yake. Na mkwe hafukuzwi mbele ya televisheni! Nikaingia, nikamwamkia, nikasimama kando kama mshitakiwa. Matangazo ya biashara yalipoanza nikasema kwa adabu zote kwamba mama, kuna kazi ya ofisi, inahitaji kioo hicho.

Akasema hakuna neno, baba. Akaifunga tamthilia. Lakini hakuondoka! Akageuza kiti, akaanza kunitazama mimi.

Nikaunganisha waya. Kikawaka! Rangi za upinde wa mvua, kisha ukurasa safi kama shuka la hospitali. Juu pembeni pakatokea alama ya radi, ya njano. Mama akauliza hiyo radi maana yake nini. Nikamweleza kuwa ni dalili ya nguvu.

Kikazima.

Nikawasha. Radi. Kikazima. Mara nne! Mama mkwe akakohoa kidogo. Akasema ile karatasi iliyokuwa ndani ya boksi inaeleza kwamba radi maana yake umeme hautoshi, chaja ya simu haikishibishi. Karatasi ile mimi nilikuwa nimefungia andazi. Nikamshukuru, nikamwambia karatasi kama hizo huandikwa kwa ajili ya watu wasio wazoefu.

Mke wangu aliporudi kutoka dukani akafungua mkoba, akatoa chaja maalumu. Kumbe aliinunua juzi alipofuata orodha yake! Akaiweka mezani bila neno. Kuna watu wananyamaza kwa kelele.

Sasa kinawaka na hakizimi. Nimekitengeneza.

Ijumaa, 7 Machi

Niliamka alfajiri, nikaandika ukurasa wa kwanza. Mashine ina hata kitufe cha kuweka tarehe, huna haja ya kufikiri. Nikauchukua kwa flashi, nikauchapa maktaba, nikampelekea Mkuu aonje kabla ya mlo wenyewe.

Bi Faharasa alikuwa humo ofisini. Alichungulia tu. Akanipongeza. Akasema si kila mtu anayeweza kuomba nafasi miaka mitatu kabla haijatangazwa.

Nikatazama. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nzito: Novemba, ya miaka mitatu nyuma.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema mawazo makubwa hutangulia. Mkuu akakuna kidevu.

Jioni nikamwambia mke wangu mtandao umeniharibia kazi. Akatia lenzi yake jichoni, akakipindua kikompyuta huku na huku, mara akaangua kicheko hadi akakaa chini. Hakina saa! Ukikikatia umeme kinasahau leo ni lini, kinasubiri kuuliza intaneti. Na alfajiri intaneti ilikuwa imezimwa, hakikuwa na wa kumuuliza.

"Yaani wewe bwana," akasema, anafuta machozi, "umemletea fundi saa mashine isiyojua saa!"

Akasema kuanzia leo huyo ni mgonjwa wake. Sioni kinachochekesha. Mimi mwenyewe asubuhi huwa sijui ni siku gani, na hakuna anayenitia lenzi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amekitia kipande chenye betri ndogo mfano wa kifungo cha shati. Ameshika bisibisi ile nyembamba, dakika kumi, kwisha. Sasa kinajua saa kuliko mimi. Nilimruhusu.

Leo wasiwasi wangu ni mwingine. Ni kidogo mno! Najua, udogo ndio nilioupigia debe. Lakini fikiria. Mkuu atakuja, atakaribishwa, ataketi, kisha aonyeshwe kitu kama kipande cha mkate ulioumwa. Heshima ina kimo chake.

Nikalikumbuka kasha la mahameli ambalo mke wangu huwekea saa za watu wakubwa. Nikakilaza humo, nikapitisha nyaya ubavuni, nikafunika. Fahari! Kama kito cha mfalme.

Nikaanza ukurasa wa pili. Robo saa baadaye herufi zikaanza kuja mojamoja, kama wazee wanaopanda ngazi. Nikabonyeza M. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi. M ndiyo inaingia.

Mama mkwe akaja na fimbo yake, akafunua kasha, akaweka kiganja juu ya kikompyuta vile mtoto anavyopimwa paji la uso.

"Baba," akasema, "huyu ana homa."

Akakitoa, akakisimamisha ubavu karibu na dirisha. Upepo ukakipiga. Baada ya muda mfupi herufi zikawa zinakimbizana. Nikamweleza mama kwamba nilikuwa nakipima uvumilivu. Akasema amefurahi kwamba kimefaulu.

Ndani ya kasha gundi imeyeyuka, mahameli yamebanduka. Nimelirudisha kabatini, upande mbaya chini. Asiyejua haumwi kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Siamini! Niandike polepole.

Asubuhi niliondoka nimeacha ukurasa wa pili kwenye skrini. Najijua. Naandika upesi, herufi zinaruka, R na L zinagombana, sentensi nyingine zinaanza safari na hazifiki. Jioni nimerudi. Kosa hata moja hakuna! "Kikompyuta hizi" imekuwa "vikompyuta hivi". Sentensi yangu ya mistari tisa imekatwa mara tatu, na vipande vyote vitatu vinaeleweka.

Kinajisahihisha chenyewe! Muuza vifaa hakunieleza. Hajui anachouza.

Nikakagua eneo kitaalamu. Kando ya kibodi, kikombe cha chai, nusu, bado cha moto. Juu ya kipanya, miwani ya kusomea ya mama mkwe. Kwenye kiti, mto wake wa mgongo. Nikaondoa vyote ili visivuruge uchunguzi. Nikamwomba mama, kwa heshima, asiwe anasahau vitu vyake karibu na mitambo.

Akasema sawa, baba.

Jumanne, 11 Machi

Jaribio. Asubuhi niliandika kwa makusudi: "Maktaba yetu iko na makompyuta kubwa ambazo haifai." Nikaenda kazini. Mchana nikarudi mbio kula. Skrini inasema: "Maktaba yetu ina kompyuta kubwa zisizofaa."

Tena kimeongeza jambo ambalo sikulifikiria kabisa! "Msomaji mwenye macho dhaifu ataweza kukuza herufi, asome bila kukodoa." Kinafikiri! Sijui kimejuaje habari za macho dhaifu.

Basi kwenye ukurasa wa tatu nikaandika: "Sifa kuu ya mashine hii ni kwamba hujisahihisha yenyewe ikiachwa peke yake mchana." Jioni nikakuta sentensi hiyo imefutwa. Nikairudisha, nikaenda kuoga. Imefutwa! Nikairudisha tena, nikajifanya nakwenda dukani. Imefutwa!

Kumbe kina unyenyekevu pia.

Nilipomsimulia mke wangu akapaliwa na chai. Nikampigapiga mgongoni. Alikaa muda mrefu ameficha uso kwenye kitambaa. Maajabu ya sayansi yanagusa watu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya majaribu. Njama ilikuwa nzuri. Kumbukumbu yote ya kikompyuta inakaa kwenye kadi ndogo kama ukucha. Nikaichomoa, nikaenda nayo maktaba kumwonyesha Bi Faharasa, ashikwe na kijicho. Nikaiweka kiganjani, nikamwambia hapa pana kompyuta nzima. Hakushikwa na kijicho. Akasema tu niangalie isipotee.

Kupotea! Mimi! Ili kumwonyesha jinsi mtu makini anavyotunza vitu, nikaichomeka ndani ya kitabu kilichokuwa kauntani. Ufugaji wa nyuki, ukurasa wa 88. Hakuna anayeazima kitabu cha nyuki.

Akaja mtu akakiazima. Nami nikakipigia muhuri! Kwa mkono wangu! Nikamtakia usomaji mwema!

Nilikumbuka saa nzima baadaye. Ripoti yote imo mle, sina nakala hata ya ukurasa mmoja isipokuwa ule wa Novemba. Nikapekua kaunta, nikapekua kapu la taka, nikapekua mikunjo ya suruali. Bi Faharasa akaniona nimepiga magoti, akauliza kulikoni. Nikasema nafanya mazoezi. Akasubiri. Nikamwambia.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akatafuta kwenye katalogi yake, akapata jina, akapiga simu. Saa sita mfugaji nyuki akaingia, kitabu kwapani, akauliza kama kile kidude cheusi ni zawadi ya maktaba kwa wasomaji.

Sikumshukuru Bi Faharasa. Ukimshukuru mshindani unamvimbisha kichwa. Nilimwambia nilikuwa naijaribu katalogi yake, na imefaulu.

Nyumbani mama mkwe akasema leo mashine ilikataa katakata kuwaka, kioo cheusi kama sufuria. Alionekana mnyonge. Nikajiuliza inamhusu nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeikabidhi ripoti! Mkuu akaanza kuisoma amesimama. Kwenye aya ya pili akaketi. Akaimaliza, akavua miwani, akasema hakujua kama nina Kiswahili cha namna hii. Nikatazama chini kama mtu mnyenyekevu.

Bi Faharasa naye akaisoma. Yeye akauliza mbona baada ya kila nukta kuna nafasi mbili. Akasema huo ni mtindo wa wapiga taipu wa zamani, waliosomea kwenye taipureta. Nani kanifundisha? Nikasema ndivyo mashine inavyopenda. Akauliza mashine hiyo ina umri gani.

Watu wenye wivu hunyang'anyana hata nukta.

Ile sentensi ya kujisahihisha ilikuwa imefutwa mara ya nne, kwa hiyo niliiongeza mwenyewe kwa kalamu, chini ya ukurasa wa mwisho. Mkuu aliirudia mara mbili. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia Jumamosi ataona kwa macho yake.

Jumamosi, 15 Machi

Walikuja saa nne asubuhi. Mkuu, na Bi Faharasa nyuma yake, kaja na daftari. Mke wangu alifungua duka kwa kuchelewa kwa ajili ya ugeni huu. Mama mkwe alivaa gauni lake la buluu, akaketi pembeni, mikono juu ya fimbo.

Nikawasha. Saa sahihi, tarehe sahihi. Mkuu akakishika kikompyuta, akakigeuzageuza, akasema hata hakiungurumi! Mambo yalikuwa yananinyookea. Nikawaambia sasa tazameni maajabu. Nikaandika, herufi kubwa, televisheni nzima: "Wasomaji wote wanapenda kikompyuta kwa sababu yeye ni ndogo."

Nikakunja mikono. Nikaomba kila mtu anyamaze.

Tukakaa kimya. Dakika moja. Saa ya ukutani inapiga. Dakika mbili. Mkuu akanywa maji. Sentensi iko pale pale, haina haya. Mke wangu alikuwa anatazama dari kwa makini sana. Mama mkwe alikuwa ameifinya fimbo yake hadi vidole vimekwajuka.

Dakika ya tano Mkuu akauliza kama kuna kitufe. Nikasema hapana, kinaona haya mbele ya wageni, hufanya kazi kikiachwa peke yake. Nikashauri tutoke wote barazani kidogo.

Tukatoka! Mkuu wa maktaba, Bi Faharasa, mke wangu na mimi. Mama mkwe akabaki kwa sababu ya magoti yake. Tukasimama barazani tunatazama nguo za jirani zilizoanikwa. Mkuu akasema shuka zile zimefuliwa vizuri. Nikakubaliana naye.

Mara, kutoka ndani: ta-ta-ta-ta-ta! Kama mvua juu ya bati.

"Mnasikia?" nikapiga kelele. "Mnasikia?"

Tukajazana mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kibodi, mgongo umenyooka kama rula, haangalii vidole. Sentensi ilikuwa imekwisha kunyooshwa: "Wasomaji wote wanakipenda kikompyuta kwa sababu ni kidogo." Nukta. Nafasi mbili.

Akageuka.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nimejizuia, nimeshindwa. Hilo 'yeye ni ndogo' lilikuwa linanichoma macho. Na macho yenyewe ndiyo kwanza yamepona."

Nilisikia hata betri ya ile saa.

Mkuu ndiye aliyeanza. Akamwuliza mama alijifunza wapi. Akasema alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka thelathini na moja. Hukumu, rufaa, wosia, zote zilipita kwenye vidole hivyo, na hakimu alikuwa hamsubiri mtu. Bi Faharasa akavuta kiti. Akauliza mama anakitumia kikompyuta kwa kazi gani. Akasema asubuhi anasoma magazeti, amekuza herufi. Halafu anamwandikia dada yake barua. Orodha ya saa za wateja wa binti yake anaitunza yeye sasa, kwa sababu binti hana muda. Na tamthilia ikimpita anaitazama humo humo.

Mkuu akauliza kama hakina ubaya. Mama akafikiri.

"Kinao. Ukikifungulia kurasa nyingi kwa mpigo kinachoka, kinaanza kuburuta miguu. Hutakibebesha mambo makubwa. Kinataka ukijue, ukipe chakula chake, ukipe na hewa."

"Kwa hiyo kinatosha, mama?"

"Kinamtosha mtu anayejua anachotaka kufanya."

Nikaongeza kwamba hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wote watatu wameinama mbele ya televisheni, na mke wangu anaeleza habari za ile betri, na Bi Faharasa anaandika daftarini, na mimi nimesimama na sinia la glasi nyumbani kwangu kama mhudumu wa hoteli.

Walikaa hadi saa saba.

Walipoondoka nikabaki nakusanya glasi. Mama mkwe alikuwa anafunga kurasa, moja baada ya moja. Akasema bila kunitazama:

"Ungeniomba tu, baba. Ningekuandikia yote, na jina lingekuwa lako."

Nikamwambia shikamoo. Nilikwisha kumwamkia asubuhi, lakini hakuna neno jingine lililokuja. Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu yametoka. Pendekezo langu limekubaliwa lote! Vikompyuta kumi vinaagizwa. Yale majokofu yanaondolewa wiki hii.

Msimamizi wa Kitengo ni Bi Faharasa.

Mama mkwe ameombwa awe anakuja Jumanne na Alhamisi kuwafundisha wasomaji watu wazima. Watamtumia gari. Amekwisha kununua kalamu mpya, na tangu asubuhi anaimba jikoni.

Na mimi? Sikusahauliwa. Mkuu aliniita ofisini. Akasema vikompyuta hivi vina hatari moja, mtu anaweza kutoka na kimoja mfukoni mwa shati, na hakuna anayelijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo anataka mtu mwaminifu akae mlangoni. Barua inasema "bawabu". Ni neno tu. Ukiitazama kazi yenyewe ni Msimamizi wa Usalama wa Mitambo, na ndivyo nilivyomwambia mke wangu.

Mke wangu hakuwa na nafasi ya kunipongeza. Alikuwa amelipata lile kasha la mahameli.

Bi Faharasa alipita mlangoni jioni, akasimama. Akasema ripoti ilikuwa na wazo zuri, na wazo lilikuwa langu, hilo amelitaja kwa Mkuu. Nikamwambia afungue mkoba, nikague.

Alhamisi, 20 Machi

Siku kubwa! Nipo mlangoni, kwa hiyo tangazo nililiona kabla halijakauka gundi. Maktaba inanunua gari la kupeleka vitabu mitaani, na anatafutwa dereva. Dereva! Kiti cha mbele, kioo, honi, watoto wanalikimbilia, na hakuna mtu mwenye katalogi wala taipureta atakayeketi mahali pangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Akauliza kama naendesha. Nikatabasamu kwa namna ambayo mtu anaweza kuielewa anavyotaka.

Fomu nimeijaza nyumbani, kwa kikompyuta. Uzoefu: miaka kumi na miwili. Nimejumlisha miaka yote niliyokaa kando ya dereva, kwa sababu macho yangu yalikuwa barabarani muda wote. Safari hii sikufanya ujinga. Nilimwomba mama mkwe aipitie. Akasahihisha "usukano" ikawa "usukani", akaweka nukta tatu, akakaa kitambo mbele ya ile miaka kumi na miwili. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mama, herufi ziko sawa? Akasema herufi ziko sawa.

Majaribio ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mkuu mwenyewe ataketi kando yangu, na nyuma watapakia maboksi ya vitabu ili gari liwe na uzito wa kweli. Nimepiga pasi shati jeupe. Nimefanya mazoezi ya kuzungusha sahani ya meza kushoto na kulia, mikono yangu ina kipaji.

Sasa hivi nimemwuliza mke wangu, kwa mzaha tu, breki ni mguu upi.